Sheria na maadili ya kazi kwa mtu wa zamu hospitalini, kuanzia getini mpaka siku ya barua ya wakili

Hii ni ya nesi, CO (afisa wa kliniki), mtu wa maabara, wa famasia, wa rekodi, CHP (mhamasishaji wa afya ya jamii) wa mtaani na hata askari anayekaa getini, maana huyo ndiye mgonjwa anakutana naye wa kwanza. Naongelea Kenya juu ndiko sheria zake nazijua vizuri, kama uko nchi nyingine misingi ni ile ile lakini vifungu vinabadilika, angalia vya kwenu.

College tulifundishwa mambo manne: heshimu uamuzi wa mgonjwa, mtendee mema, usimdhuru, tenda haki. Na kwa kweli hayo manne yanatosha kabisa, shida ni kwamba saa tisa usiku mkiwa wawili na wodi imejaa huwezi kuyakumbuka kama somo, utayafanya tu kama mikono na mdomo vimeshayazoea. Ndio maana nimeyapanga vile kazi yenyewe inavyoenda.

Getini na kasualti

Katiba ya 2010 kifungu cha 43(2) inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haijauliza kama ana pesa, haijauliza kitambulisho, haijauliza kama SHA yake (bima ya afya ya serikali) imelipwa. Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 7 ikaongeza kwamba hospitali inayoweza kutibu dharura na ikakosa kutibu ina kosa la jinai, faini hadi shilingi milioni 3. Na dharura kwa hiyo sheria ni vitu vitatu: huduma kabla mtu hajafika hospitali, kumshikilia hali isizidi kuharibika, na kama huna vifaa, kumpangia rufaa. Kwa hivyo "hatuna ICU" (wodi ya wagonjwa mahututi) si mwisho wa kazi yako, ndio kwanza kazi ya rufaa imeanza.

Mwaka 2015 kuna mwanamume aligongwa na gari akazungushwa ndani ya ambulensi hapa Nairobi karibu saa 18, huku hakuna kitanda cha ICU, kule wanataka depositi kwanza, na mwishowe akafariki. Ukiisoma hiyo habari polepole unaona hakuna mtu hata mmoja aliyesema mgonjwa afe, kila mmoja alisema tu "si hapa". Hiyo ndiyo hatari ya kasualti, uamuzi mdogo unaoonekana wa kawaida ukikaa peke yake.

Sasa ufanye nini: mgonjwa akishushwa andika saa aliyofika kabla ya kitu kingine chochote, angalia njia ya hewa, kupumua, damu inayotoka, weka dripu, oksijeni kama ipo, alafu ndio maswali ya pesa yaanze na yaulizwe na mtu mwingine si wewe. Ukimpeleka rufaa piga simu kwanza kule anakoenda, uandike jina la aliyekubali kumpokea na saa aliyokubali, andika barua inayosomeka, na atoke na mtu wa kumwangalia njiani. Mtu aliyepigwa ama kuchomwa kisu pia hatakiwi kusubiri P3 ndipo atibiwe, P3 ni karatasi ya polisi ya ushahidi na inaweza kujazwa akiwa ameshashonwa.

Na kwa sababu tumegusa pesa: kumfungia mgonjwa ndani kwa sababu hajalipa bili hairuhusiwi. Mahakama Kuu ilishasema hivyo mwaka 2015 kwenye kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua. Deni linadaiwa kwa njia za kawaida za kudai deni. Ukiagizwa na bosi ufunge mlango, omba agizo liandikwe na litiwe sahihi.

Ridhaa

Hapa nataka tukae kidogo juu ndipo wengi wetu tunakosea bila kujua. Fomu yenye sahihi si ridhaa. Fomu ni ushahidi kwamba mazungumzo yalifanyika, na kama mazungumzo hayakufanyika basi hiyo karatasi inashuhudia kitu ambacho hakipo. Sheria ya Afya kifungu cha 8 imetaja unachotakiwa kusema: hali yake ya kiafya, njia zilizopo za kupima na kutibu, faida, hatari, gharama, na kwamba ana haki ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa. Na umwambie kwa lugha anayoielewa, ukizingatia kiwango chake cha kusoma. Kama anaelewa Kiturkana tu na wewe hukijui tafuta mtu wa kutafsiri, na ikiwezekana asiwe mtoto wake, juu kuna maswali mama hawezi kuyajibu mbele ya mwanawe.

Chukua mtoto wa miezi minane, ameletwa na homa kali na degedege, daktari anataka maji ya uti wa mgongo yapimwe kama ni meninjaitisi. Mzazi ameshasikia mtaani kwamba mtoto akidungwa mgongo anakufa ama anapooza. Ukimpa kalamu na kumwambia "mama weka sahihi hapa" atakataa, ama ataweka akilia, na kwa vyote viwili umemkosea. Vuta kiti ukae, mwite vile wanamwita nyumbani, uongee hivi:

"Mama Brayo, mtoto ana homa na degedege limemshika mara mbili. Tunashuku kuna maambukizi kwa utando unaofunika ubongo. Kuna kipimo tunatoa maji matone machache hapa chini ya mgongo, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwa hivyo sindano haidungi uti. Itabidi ashikwe vizuri, atalia, na anaweza kuumwa hapo siku moja mbili. Mara chache sana inaweza kutoka damu ama kuingia uchafu, ndio maana tunaosha na kufanya kwa usafi. Tusipopima tutampa dawa kwa kukisia, tunaweza kumpa isiyofaa ama kumdunga siku nyingi bure. Wewe umesikia watu wakisema nini juu ya hii sindano?"

Hilo swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, usiliruke. Hapo ndipo atakuambia kuna jirani mtoto wake alidungwa akafa. Usibishane naye, mwambie ukweli, kwamba watoto wengi wanaofariki baada ya hiyo sindano walifika wakiwa wameshazidiwa na ugonjwa wenyewe, ndio maana ukitaka kumpima unataka kumpima mapema. Alafu muulize: "Sasa baba yake akipiga simu saa hii utamwambia tunataka kufanya nini?" Akikueleza kwa maneno yake, hapo umepata ridhaa, mpe kalamu. Akishindwa kueleza bado hujaipata, rudia pale alipopotea. Yote ni dakika kama tano, na ni dakika ambazo hutazijutia.

Nani anatoa ridhaa? Mtu mzima mwenye akili timamu anajitolea mwenyewe. Hii nasema kwa sauti kwa ajili ya wodi za wazazi: mama anayehitaji kupasuliwa anaweka sahihi yake mwenyewe, hatusubiri mume afike kutoka safari huku mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Mume, mama mkwe, wazee wa ukoo, waelezewe kama mgonjwa anataka waelezewe, lakini uamuzi ni wake. Mgonjwa aliyezimia na hakuna aliyeidhinishwa kumsemea, kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya kinakuruhusu kutibu dharura, ila tibu kile kisichoweza kusubiri tu, mengine ngoja aamke. Mtoto, ridhaa ni ya mzazi ama mlezi, lakini Katiba kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanatangulia kila kitu, kwa hivyo mzazi akikataa mtoto aongezewe damu na bila hiyo damu atakufa, usiishie kuandika "mzazi amekataa" ukaenda kunywa chai. Ita daktari mkuu, ita uongozi wa hospitali, ita afisa wa watoto, mahakama inaweza kutoa amri, na kama hakuna muda wa mahakama basi dharura ni dharura.

Mtu mzima akikataa kwa ajili yake mwenyewe hilo ni tofauti. Hata kama unaona anakosea. Hakikisha anaelewa, hana mkanganyiko wa akili kwa homa ama sukari kushuka, mweleze kitakachotokea bila kumtisha, muulize sababu, uandike maneno yake vile alivyosema. Unaweza kumwomba athibitishe kwa maandishi. Na ukishamaliza endelea kumhudumia kwa yale aliyokubali, mtu aliyekataa damu hajakataa maji, dawa ya maumivu, wala salamu.

Kipimo cha HIV kina sheria yake ya 2006: hakuna kulazimisha, na hakuna kupima mtu kimya kimya kwa damu uliyotoa kwa kitu kingine. Mwajiri hawezi kukifanya sharti la kazi. Kijana aliye chini ya miaka 18 lakini ni mjamzito, ameolewa, ni mzazi, ama yuko kwenye hali inayomweka hatarini anaweza kujitolea ridhaa mwenyewe. Majibu anapewa aliyepimwa.

Na kabla hujagusa mtu, hakikisha ni yeye. Mwaka 2018 Hospitali ya Kenyatta ilimpasua kichwa mgonjwa ambaye hakuhitaji upasuaji, lebo za majina zilichanganywa kati ya watu wawili, mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya kichwa na mwingine alikuwa na uvimbe tu usiohitaji kisu, na theta (chumba cha upasuaji) wakagundua wakishafungua fuvu na kukosa ile damu. Mgonjwa alipita mikono ya watu wangapi kabla ya kufika pale mezani? Usiulize "wewe ni Wanjiku?" juu mgonjwa aliyechoka ama asiyesikia vizuri atasema ndio. Uliza "unaitwa nani, majina yote?" na "umekuja kufanyiwa nini?" alafu linganisha na lebo na faili. Asiyeweza kuongea, linganisha namba ya faili, lebo ya mkononi, na mtu wa familia. Kila mtu afanye upya, usiseme ameshaulizwa wodini.

Siri ya mgonjwa

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Afya kinafunga mdomo wetu mpaka mgonjwa aruhusu, ama mahakama ama sheria idai, ama kukaa kimya kulete hatari kubwa kwa afya ya umma. Hakuna mtu hajui hili. Lakini siri hazivujishwi na watu wabaya, zinavuja kwa dirisha la famasia ambapo jina la dawa linatajwa kwa sauti na nyuma kuna foleni ya watu wa kijiji kimoja. Zinavuja kwa mzunguko wa asubuhi daktari akieleza wanafunzi sita kando ya kitanda na mgonjwa wa kitanda cha pili anasikiliza kila neno. Zinavuja kwa matatu ya jioni ukimsimulia mwenzako kesi ya leo bila jina, lakini umetaja kijiji na ajali yenyewe ilikuwa kwa habari.

Zaidi ya yote zinavuja kwa WhatsApp. Grupu ya wodi inasaidia sana, najua, ndiko tunaita daktari wa zamu na kuuliza ushauri. Basi tuma kilicho cha lazima tu: umri, dalili, kipimo. Kata jina kwa eksirei kabla ya kutuma, usipige picha ya uso, usitume ukurasa wa faili mzima, na usiweke kidonda cha mtu kwa status hata kama kinashangaza namna gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kama data nyeti, na data ikivuja kwa njia inayoweza kumdhuru mtu hospitali ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika milioni 5. Kwa hivyo ukituma picha kwa grupu isiyofaa, ifute, alafu mwambie inchaji (msimamizi wako) siku hiyo hiyo, juu zile saa 72 zinahesabiwa na hospitali haiwezi kuripoti kitu isichokijua.

Simu nazo. Mtu anapiga anasema ni kaka ya mgonjwa wa kitanda cha nane, anataka kujua ana nini. Jibu ni moja kwa wote, kaka wa kweli na wa uongo: "Asante kwa kupiga. Habari za mgonjwa tunampa mwenyewe ama yule aliyetuandikia jina lake. Nitamwambia umepiga, ukitaka mpigie mwenyewe." Mwajiri, mchungaji, chifu, jibu ni hilo hilo. Polisi anayechunguza kesi mpeleke kwa uongozi, faili halitolewi kaunta kwa sababu mtu amevaa sare.

CHP ana ugumu wake ambao sisi wa hospitali hatuna, anaishi na watu wake, anaenda nao kanisani na msikitini. Akionekana anaingia nyumba moja kila siku kumwangalia mtu wa TB ameze dawa, mtaa mzima unaanza kuuliza. Jibu liwe tayari, "mimi hutembelea nyumba zote", na liwe la kweli, tembelea majirani pia. Daftari lisikae mezani nyumbani, simu ya kazi iwe na namba ya siri na watoto wasichezee.

Hiyo hatari kwa umma pia ina mipaka yake. TB lazima iripotiwe na waliokaa naye karibu watafutwe, sawa, lakini mwaka 2010 kuna wagonjwa wa TB walifungwa gereza la Kapsabet kwa kuacha dawa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwatia gerezani kulikiuka Katiba. Mgonjwa aliyeacha dawa anatafutwa, anaulizwa kwa nini (mara nyingi ni njaa, hizo dawa zikiingia tumbo tupu zinasumbua sana) na anasaidiwa.

Heshima

Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni hospitali ya Bungoma, vitanda vilikuwa vimejaa, na manesi wakamkemea na kumpiga kwa sababu amechafua. Mtu akarekodi kwa simu. Mwaka 2018 mahakama ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Watu wanakumbuka ile video kwa hasira na wana haki. Mimi naikumbuka pia kwa kitu kingine, kwamba upungufu wa vitanda ulikuwa wa serikali lakini kofi lilikuwa la mtu. Mzigo wa serikali unaweza kuuandika na kuuripoti. Mkono wako ni wako. Ukihisi hasira inapanda na mama hasukumi, toka nje dakika mbili na uite mwenzako ashike.

Aliyebakwa na mtoto aliyedhulumiwa

Hapa saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia HIV zianze ndani ya saa 72 na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mwingize chumba cha faragha, asikae foleni, asisimulie mara tano kwa watu watano. Matibabu yake hospitali ya serikali ni bure kwa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Jaza fomu ya PRC (ya huduma kwa aliyebakwa) kikamilifu, michoro ya majeraha na yote, juu miaka miwili baadaye mahakamani hiyo fomu ndiyo itaongea. Nguo zikunjwe kwa mfuko wa karatasi, wa plastiki unaozesha ushahidi. Andika nani alikabidhiwa nini na saa ngapi. Usimuulize alikuwa amevaa nini ama kwa nini alikuwa nje usiku, hayana kazi kwa matibabu. Atibiwe kwanza hata kama bado hajaenda polisi.

Mtoto ukishuku amedhulumiwa, usingoje uhakika, uhakika si kazi yako. Ripoti kwa afisa wa watoto ama polisi, laini ya watoto ni 116 na haina malipo. Usimrudishe nyumbani na mtu unayemshuku.

Kuandika

Wakili anaposoma faili anasoma kile kilichoandikwa, na ambacho hakikuandikwa atasema hakikufanyika. "Mgonjwa amelala vizuri usiku kucha" haisemi chochote. Linganisha na hii ya mama mwenye presha ya ujauzito: "0240 presha 170/112, anaumwa kichwa, anaona ukungu. 0243 daktari wa zamu amepigiwa, hajashika. 0248 amepigiwa tena, ameagiza magnesiamu na dawa ya presha, anakuja. 0300 dozi ya kwanza imetolewa. 0310 daktari amefika." Huyo nesi hata mambo yakiharibika anaonekana alikuwa pale, akaona, akaita, akafanya. Na tumia saa za namba nne, juu saa nane ya Kiswahili ikiandikwa 8 kwa faili hakuna atakayejua ni saa ngapi.

Ukikosea kuandika piga mstari mmoja ili cha chini kisomeke, andika sahihi na tarehe. Usitumie rangi nyeupe ya kufutia, usichane ukurasa, usiongeze maneno katikati ya mistari. Ulisahau kitu, andika sasa kwa saa ya sasa na useme ni maandishi yaliyochelewa. Usiandikie mwenzako kitu ambacho hukukiona. Na usijaze chati ya saa nne kwa mkupuo mmoja mwisho wa zamu, mtu anayejua kusoma chati analiona hilo haraka sana.

Uzembe kwa macho ya sheria

Mgonjwa kufariki peke yake si uzembe. Anayeshtaki lazima aonyeshe ulikuwa na wajibu kwake, uliuvunja, ameumia, na ameumia kwa sababu ya huko kuuvunja. Unapimwa na mtu wa kada yako mwenye ujuzi wa kawaida, mahali kama pako, si na profesa wa London. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1974 kwamba anayejiita mtaalamu lazima awe na ujuzi wa kutosha na awe mwangalifu, lakini sheria haimfanyi kuwa bima ya kila kuteleza. Kinachoumiza wengi ni kufanya kitu nje ya leseni yako ili usaidie. Mwanafunzi akiachwa peke yake theta, nesi akiandika dawa asizoruhusiwa, mtu wa maabara akimpa mgonjwa dawa. Sema "hii sijafundishwa, nitafutie mtu", alafu uandike kwamba ulisema.

Kosa likitokea, dozi imezidi, mwite daktari, mwangalie mgonjwa, jaza ripoti ya tukio, na mgonjwa aambiwe ukweli pamoja na kile kinachofanywa kurekebisha. Wengi wanaenda kwa wakili baada ya kufichwa, wanataka tu mtu awaambie nini kilitokea.

Pesa, fupi tu

Usipokee chai ili mtu apite foleni. Usimtume mgonjwa kwa kemisti yako huku dawa iko stoo. Usisaini madai ya SHA ya mtu ambaye hakulazwa. Sheria ya Rushwa ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka aripoti ndani ya saa 24, kwa hivyo inchaji aliyejua na akanyamaza naye yuko ndani ya shida. Mgonjwa akileta ndizi kushukuru baada ya kutoka, gawaneni wodi nzima mchana kweupe.

Haki zako wewe

Kifungu cha 12 cha sheria ile ile ya Afya kinakulinda pia. Una haki ya mahali salama pa kazi. Una haki ya kukataa kumtibu mtu anayekupiga, kukutukana ama kukunyanyasa kimapenzi, isipokuwa ni dharura na hakuna mwingine wa kumhudumia. Ukidungwa na sindano osha kwa maji na sabuni, usikamue, ripoti hapo hapo, anza dawa za kuzuia HIV, ikiwezekana ndani ya saa 2, na usipitishe saa 72, na uhakikishe imeandikwa kwa kitabu cha ajali kazini, juu fidia ya ajali za kazini kwa sheria ya WIBA ya 2007 inahitaji ushahidi kwamba uliumia kazini. Manesi wengi wanadungwa wanaendelea na zamu kimya kwa kuona aibu. Tafadhali msifanye hivyo.

Barua ikija

Barua inaweza kutoka kwa wakili, kwa baraza lako la taaluma, ama kwa ofisi ya malalamiko ya hospitali. Kesi ya uzembe kwa kawaida ina miaka 3 ya kuletwa, ya kushtaki serikali mwaka 1, na kwa mtoto muda unaweza kuanza kuhesabiwa akifika miaka 18, kwa hivyo faili la mama aliyezaa leo linaweza kufunguliwa wewe ukiwa umeshastaafu. Usilirekebishe faili. Hata neno moja. Usimpigie mgonjwa kumwomba aondoe kesi, na usijitetee Facebook. Mjulishe inchaji kwa maandishi, omba faili lifungiwe mahali salama, tafuta wakili wa hospitali ama wa chama chako kabla ya kujibu chochote.

Alafu kaa chini uandike taarifa yako kutoka kwa maandishi ya faili: uliona nini, ulifanya nini, saa ngapi, ulimwita nani. Usikisie vile wengine walikuwa wanafikiria, usilaumu zamu iliyopita, na pale usipokumbuka andika hukumbuki. Tumia namba ya faili badala ya jina la mgonjwa, weka tarehe na sahihi kila ukurasa, mpe wakili nakala halisi na ubaki na yako.